Maua Yasiyotaka Maji

Mama aliletwa kwangu Kijenge, Arusha, amelazwa kiti cha nyuma cha gari, mguu umenyooshwa juu ya mito, na mlango ulipofunguliwa hakuuliza habari za mguu. Aliuliza, "Sasa maua ya baba yenu nani atayamwagilia?" Nikamwambia atulie kwanza tumshushe. Akashushwa, akaingizwa ndani, akapewa chai, akaimaliza, akauliza tena.

Baba amezikwa kihambani kwetu, kwenye shamba la ukoo, upande wa Machame, karibu na mlango wa jikoni, pale migomba inapoishia. Kaburi lake lina vigae vyeupe ambavyo mdogo wangu wa kiume aliving'ang'ania, na kulizunguka mama alipanda mawaridi na maua mengine mekundu ambayo hata yeye hayajui jina, yale yanayoinamisha vichwa yakikosa maji asubuhi moja tu. Kila siku, kabla hajatia kitu kinywani, alichota maji kwenye mfereji unaopita juu ya nyumba, akashuka na ndoo, akamwagilia huku anampa mumewe habari: ng'ombe kazaa, mahindi kwa jirani yameingiwa na nyani, mtoto wa fulani kafaulu. Katika kazi hiyo hiyo ndipo alipoanguka. Ukingo wa mfereji ulikuwa na utelezi, ndoo ikamvuta, nyonga ikavunjika.

Daktari alimfanyia upasuaji vizuri, sina neno naye. Ila siku ya kumruhusu alituambia mama asiishi tena mahali penye mteremko. Nikamtazama yule kijana nikajua hajawahi kukanyaga kwetu. Kwetu hakuna mahali pasipo mteremko. Hata kuku wa kwetu hulala wamejiegemeza.

Kwa desturi yetu kitindamimba wa kiume ndiye mwenye nyumba ya wazazi na ndiye anayekaa nao. Kitindamimba wetu yuko Dar, ana kazi na watoto wa shule, na nyumba ya wazazi anaiona Krismasi. Mimi nina duka la mapazia mjini, watoto wangu wameshaondoka, na nyumba yangu imekaa tambarare. Tukaongea kwa simu, tukaamua, na mwenyewe tukamwambia baadaye. Kila aliposema, "Nikipona nitarudi kwangu," tulimwitikia, "Ndiyo mama," na sote tulijua kwamba hatarudi. Alichotaka mama ni hicho kimoja tu, arudi akaishi nyumbani kwake, na sisi watoto wake tuliompenda ndio tuliokuwa tumemkatalia.

Yeye aliyaacha maneno hayo yapite, akashikilia maua. Ng'ombe alichukuliwa na jirani yetu wa juu, mama mmoja mwenye roho nzuri, ambaye pia aliahidi kumwagilia. Lakini ana shamba lake, ana wagonjwa wake, na mbuzi wake hawafungiki. Siku moja akatutumia picha kwa simu, na bila shaka alituma kwa nia njema: vigae vyeupe, na kuvizunguka vijiti vikavu vilivyotafunwa. Mama aliishika simu kwa mikono miwili, akaitazama mpaka ikajizima, akaniomba niiwashe tena.

Siwezi kuona mtu anaumia nikakaa. Ni ugonjwa wangu. Lazima nishike kitu, nipime, nikate, nining'inize, na nikikosa cha kufanya naanza kugombana na watu wasiohusika. Siku zile niligombana na fundi wangu wa cherehani mpaka akaniuliza kama nimelala vizuri. Kumbe nilikuwa nasubiri tu nipate kitu cha kufanyia mikono.

Nikakipata Oldonyo Sambu, nyuma ya mlima Meru, nilikokwenda kupima madirisha ya mteja wangu, mama wa makamo mwenye mifugo na shamba. Huko ni vumbi. Mvua inabaki upande wa kwetu huku, mlima unaikinga, na wao wanaletewa upepo. Lakini mlangoni kwa yule mama palikuwa na makopo na sufuria zilizotoboka, zote zimejaa mimea ya majani manene, mengine ya kijivu, mengine yenye ncha nyekundu, yamejipanga duara kama kabeji ndogo. Wauza maua wa barabarani mjini huziita sakulenti na hukuuzia ukiwa hujajua unanunua nini. Mbuzi walikuwa wanapita hapo hapo na hawakuzitupia jicho.

"Unazimwagilia saa ngapi?" nikamuuliza.

"Nimwagilie maji ya nani?" akacheka. "Hapa maji ni ya watu na ng'ombe. Hizi ukizisahau ndiyo zinapendeza. Nyinyi watu wa migombani zinawashinda kwa sababu mna huruma. Usizihurumie."

Akanichumia majani, akayafunga kwenye gazeti, akanionyesha namna ya kuyaotesha. Unalishika jani pale linapoungana na shina, unalizungusha taratibu mpaka liachie lenyewe. Likikatikia katikati halifai kitu. Unaliacha kivulini siku kadhaa kidonda chake kikauke, maana ukilipa maji kidonda kikiwa kibichi, linaoza. Ndipo unalilaza tu juu ya mchanga, hulifukii, na unaondoka. Nikachota na mchanga wa kwake, ule mweusi wenye vijiwe vyepesi vyenye matundu, nikarudi mjini na mfuko kwenye buti na moyo umechangamka kama msichana aliyechumbiwa. Njia nzima nilikuwa naliona kaburi la baba likiwa la kijani, limejaa, mbuzi wanapita mbali, na hakuna mtu anayeteleza na ndoo.

Nilitoboa sinia langu la zamani la pilau kwa msumari, nikalijaza ule mchanga, nikayapanga majani kwa mistari. Nikaliweka kibarazani, juu ya meza ndogo, karibu na kiti cha mama, kwa kuwa ndipo penye mwanga mzuri na ili apate kitu cha kutazama. Alikuwa akishinda pale tangu jua lichomoze, fremu yake ya kutembelea mbele yake, anaangalia ukuta wa jirani na, siku ambazo hakuna mawingu, kipande cha mlima juu ya mabati. Mtu aliyeamka na jembe maisha yake yote amekaa hapo anaangalia mabati.

"Hizo ni nini?" akauliza.

Nikamweleza kwa fahari. Nikamwambia zitaota, zitazaa nyingine, na Krismasi tukienda nyumbani tutazipanda kwa baba kuzunguka vigae vyote.

"Na maji?"

"Hazitaki maji, mama. Hilo ndilo zuri lake. Mvua ya Mungu inazitosha. Hakuna haja ya mtu."

"Hata mtu mmoja?"

"Hata mmoja."

Akaitikia "Ehe," akageuza uso. Mimi nikaendelea kumsifia wale mbuzi wa Oldonyo Sambu wasiozigusa.

Wiki zikapita, majani yakaanza kutoa vimizizi vyembamba vya rangi ya waridi, na kwenye kidonda cha kila jani kikajitokeza kitu kidogo kama kitufe cha shati. Kitufe kikafunguka kikawa mmea. Lile jani la mwanzo linasinyaa polepole likikilisha kile kitoto, na siku linapokauka kabisa, kitoto kinasimama chenyewe. Nilikuwa nikirudi kutoka dukani sivui hata viatu, nainamia sinia kwanza. Mama alikuwa ananitazama nikiinama. Sikumbuki kama nilikuwa namsalimia vizuri kabla ya hapo au baada ya hapo.

Kisha yakaanza kuharibika. Kwanza machache ya upande mmoja: jani linakuwa na ung'avu usio wa kawaida, unaona mwanga ukipita ndani yake, ukiligusa linapasuka na kutoa maji yenye harufu. Keshokutwa yake mengine. Nikalaumu mvua. Nikasogeza meza ndani zaidi ya paa. Nikalaumu mabati, nikapanda mwenyewe kwenye stuli kutafuta tundu. Halafu asubuhi moja nikagusa mchanga wa sinia ukiwa umelowa chepechepe, na mbele ya kiti cha mama kikombe chake cha chai kilikuwa na chembe za mchanga mweusi chini.

Nikacheka, nakiri. Nikasema moyoni, yule mama wa Oldonyo Sambu alijua: huruma. Nikakaa karibu na mama nikamweleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto, kwamba mimea ya namna hii ukiipa maji unaiua, kwamba ndani ya majani imeshajiwekea akiba. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Sawa, mwanangu," akasema. Nikapanga majani mapya. Nayo yakaoza.

Nikahamishia sinia dirishani sebuleni. Alifika huko na fremu yake, kok, kok, kok, kikombe amekining'iniza kidoleni. Nikaliweka juu ya kabati la vyombo. Niliporudi nikakuta kiti kimesogezwa chini ya kabati, na kichwani nikaona nyonga nyingine imevunjika. Nikalishusha mwenyewe nikalirudisha kibarazani. Nilikuwa nimeshindwa, na nilijua. Utamfanyaje? Umfungie mama yako maji? Umnyang'anye kikombe? Mwanamke aliyenibeba mgongoni kwenda kliniki kwenye matope, leo nimpekue mikono kama mwanafunzi?

Nikampigia mdogo wangu. Akacheka sana.

"Dada, si ununue maua ya plastiki tu? Siku hizi yapo mazuri, huwezi kutofautisha."

"Baba yako ndiye wa kuwekewa plastiki?"

"Mimi natania, aisee. Lakini mwache mama amwagilie, si ndiyo raha yake?"

Ni rahisi kuongea ukiwa Dar. Lakini hata mimi nilikuwa naelekea huko, kwamba ni raha yake, mikono imezoea kazi, mwacheni. Nilimhurumia kwa namna ambayo leo naiona ilikuwa ya kumdharau.

Nikafanya hila. Nilichukua majani machache yaliyosalimika, nikayapanga kwenye sinia la pili, nikalipeleka dukani. Nikaliweka kwenye dirisha la nyuma, kati ya mabomba ya mapazia, mahali jua la asubuhi linapoingia. Fundi wangu wa cherehani akaonywa asilisogelee hata na pumzi. Huko yakaota bila shida yoyote. Kila jani likatoa kitoto, vitoto vikawa mimea, mimea ikajaza sinia mpaka mchanga haukuonekana. Nyumbani sinia la kwanza likabaki na matope na harufu, na mimi nikajifanya nimekata tamaa.

Desemba ikafika. Wenye mji wanajua: wiki ya Krismasi Wachaga tunaihama Arusha, maduka yanafungwa, na wao wanabaki wakitutania kwamba tumekwenda kuhesabiwa. Mipango yetu ilikuwa twende na mama, akae siku za sikukuu, tupande maua kwenye kaburi, aone kwa macho yake kwamba yameshika, atulie, turudi naye. Nilikuwa nimeipanga siku hiyo vizuri sana kichwani. Yeye angefurahi, na mimi ningekuwa nimefanya kitu.

Siku mbili kabla ya safari nilimkuta kitandani amezungukwa na vitu vyake. Alikuwa amefunga nguo zote, hata za baridi kali. Mablanketi yake mawili, sufuria aliyokuja nayo, Biblia, picha ya baba aliyoitoa ukutani na kuiviringisha kwenye kanga. Hakuna alichobakiza chumbani isipokuwa shuka zangu.

"Mama, tunakwenda siku chache tu," nikamwambia.

"Yale maua yako yamekufa yote?"

"Yamekufa."

"Basi lazima mtu akae," akasema, akaendelea kukunja sweta.

Alilisema kama mtu anayesema mvua imekatika, tuondoke. Na mimi, badala ya kukaa kimya hata kidogo nikaisikia ile sentensi, nikatabasamu, maana nilikuwa na zawadi yangu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kuna sinia jingine dukani, limejaa, nililificha.

Mikono yake ikasimama juu ya lile sweta.

"Yameota?"

"Yameota vizuri sana, mama."

Akakaa. Kisha akasema, "Yale mengine niliyamwagilia mimi."

"Najua, mama. Hukujua kwamba—"

"Nilijua." Hakupandisha sauti. "Nimelima tangu sijavunja ungo, nisijue mmea unaooza kwa maji? Uliniambia, na kabla hujaniambia nilikuwa nimeshaona. Ulikuwa unakuja hapo jioni unachekelea, limeota moja, yameota matatu. Kila lililoota lilikuwa linanifungia mlango wangu. Maua hayataki mtu. Ng'ombe amechukuliwa. Sasa nikidai kurudi, nidai kwa kazi gani?"

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia, nikamwambia tutarudi wote, nitafunga duka, nitamshika mkono penye utelezi. Nilisimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Daktari alikuwa sahihi. Mdogo wangu alikuwa sahihi, watoto wake wana shule. Mimi mwenyewe nilikuwa sahihi. Kila mtu alikuwa na haki yake, na mama aliyekaa katikati ya mafurushi yake hakuachiwa hata chembe. Machozi yalinitoka na hayakumsaidia mtu.

Asubuhi yake nikaenda dukani, nikalichukua lile sinia, nikalileta nyumbani, nikaliweka kibarazani karibu na kiti chake. Nikajaza jagi maji, nikaliweka pembeni mwa sinia. Alielewa. Nilikuwa namwambia afanye anavyotaka, kwamba akiyaua yote nitampigia mdogo wangu simu, nitagombana na daktari, nitatafuta msichana wa kukaa naye kule, sijui, nitafanya jambo. Kwa kweli sijui kama ningefanya. Lakini jagi nililijaza.

Niliporudi jioni, jagi lilikuwa limejaa vile vile na mchanga ulikuwa mkavu. Masweta yalikuwa yamerudishwa kabatini.

Tulikwenda. Tulipanda. Mama aliketi kwenye kiti chini ya mgomba, akatuelekeza kwa fimbo: pale, sogeza, hapo mmepaacha wazi. Mdogo wangu alichimba huku anahema, jamaa yetu wa Dar, akamfanya mama acheke mara moja. Wakati wa kuondoka aliomba ashikwe asogee kwenye kaburi. Alisimama bila kumpa baba habari yoyote. Kisha akasema, "Haya, twendeni," na tukarudi Arusha.

Maua yameshika. Jirani wa juu hututumia picha, na kila picha yamejaa zaidi, yamefunika pembe za vigae, na sasa yametoa vikonyo vyenye maua ya rangi ya chungwa. Mbuzi hawayagusi. Watu wakipita wanaomba majani wakaoteshe kwao. Namwonyesha mama, anaitazama picha, anasema, "Yamependeza," ananirudishia simu kabla haijajizima. Hajauliza tena nani anamwagilia. Wala hasemi tena kwamba akipona atarudi, na nyonga imepona, anatembea na fimbo tu, mpaka dukani anaweza kufika kama nikimpeleka. Hataki. Anashinda pale kibarazani.

Majani machache yaliyobaki niliyapanga kwenye lile sinia la zamani la pilau, nikaliweka pale pale kwenye meza ndogo karibu na kiti chake, na kila siku kabla ya kwenda dukani najaza jagi. Nikirudi jioni sivui viatu. Nainamia sinia, nadidimiza kidole mchangani, nikiomba Mungu niukute umelowa. Jana nilididimiza mpaka kidole kikagusa bati. Ulikuwa mkavu, na majani yote yametoa vitoto.